Huyu "Mdau wa Ughaibuni" ni nani? Mawazo yangu baada ya kukaa na blogu zetu za zamani

Swali ambalo nimeulizwa kuliko yote tangu nianze huu utafiti wangu wa masta ni hili: utajuaje kama huyo mtu anayeandika kwenye blogu bila jina lake ni wa kweli? Ameniuliza supavaiza, wameniuliza wenzangu siku ya kutetea propozo, hata mama mdogo siku namweleza nasomea nini aliniangalia akasema sasa mwanangu unachunguza watu ambao hata majina yao huyajui, hao si ndo majini hao. Na kadri nnavyozidi kuwasoma hao watu ndo nazidi kuona kwamba swali lenyewe linaanzia sehemu siyo. Nimeona nilijibu hapa kwa nafasi, maana kwenye tasnifu kuna vitu vitakatwa na kuna vingine itabidi viandikwe kikavu mpaka msomaji asijue kama viliwahi kunigusa.

Nnachofanyia utafiti ni blogu za Kiswahili, hasa za Watanzania, kuanzia zile za katikati ya miaka ya 2000 mpaka 2018, na nnachotafuta ni jinsi mtu alivyojijenga mule ndani, alijiita nani, aliongea kama nani, na wasomaji walimchukulia kama nani. Kwa ambao mlikuwa wadogo kama mimi kipindi hicho, Ndesanjo Macha alikuwa Marekani anaandika Jikomboe, na yeye ndo wengi wanamtaja kama mwanablogu wa kwanza wa Kiswahili. Mwaka 2005 huko Helsinki, Finland, mpiga picha Issa Michuzi alikuwa kwenye msafara wa kikazi, wakakutana, Ndesanjo akamsaidia kufungua ya kwake, na hiyo ya Michuzi ikaja kuwa kubwa mno, ikaitwa Globu ya Jamii na mwenyewe akawa Ankal wa kila mtu. Ukiangalia wengi wa mwanzoni walikuwa nje ya nchi au walikuwa na ofisi yenye mtandao, na sababu iko wazi, kabla mkongo wa SEACOM, ule waya wa intaneti unaopita chini ya bahari, haujafika Dar na Mombasa Julai 2009 intaneti yetu ilikuwa inapitia kwenye setilaiti, pole pole na bei mbaya, mtu wa mtaani alikuwa anaenda intaneti kafe analipia kwa muda, kwa hiyo posti anaiandika kwanza kwenye daftari nyumbani ili akifika pale ni kuchapa tu asile hela.

Sasa mimi nlivyoanza nlidhani data yangu itakuwa posti. Nlijiandaa kabisa, nikatengeneza jedwali la kuweka tarehe, mada, urefu, picha. Ila ukikaa na hizi blogu wiki mbili tatu unagundua kwamba watu wenyewe wako kwenye komenti.

Chukua posti moja ya kawaida ya zama hizo. Juu kuna kichwa cha habari, katikati picha, mistari miwili mitatu ya maelezo, alafu chini komenti arobaini, na karibu zote zimeandikwa zimetoka kwa mtu asiye na jina, Anonymous, Anonymous, Anonymous, mpaka mwisho. Ukiishia hapo utasema hamna utambulisho wowote hapa, ni sauti tupu zinapiga kelele. Lakini soma ndani ya komenti zenyewe. Mtu anaanza kwa salamu, anamwamkia Ankal, anaomba asimbanie (maana komenti ilikuwa inasubiri mwenye blogu aipitishe ndo ionekane), anatoa dukuduku lake, alafu mwisho kabisa anashuka mstari anasaini, Mdau wa Ughaibuni, au Mdau na jina la mji, au Mdau na jina la kabila au timu ya mpira. Mfumo umemwambia wewe huna jina na yeye kajipa jina hapo hapo, kwa mkono wake, chini ya ujumbe kama watu walivyokuwa wanamalizia barua. Hakuna aliyemlazimisha. Ameona tu kwamba kuongea mbele za watu bila kujitaja ni kukosa adabu.

Kuna mmoja kwenye blogu ndogo ambayo sitaitaja, na mambo yake nimeyabadilisha kidogo kwa sababu ntakazoeleza mbele, yeye kila ikiletwa habari inayohusu bandari alikuwa anaingia na hesabu za ushuru wa magari, anaandika taratibu, anapanga namba zake vizuri, hatukani mtu. Hajawahi kuweka jina. Na mwaka wa pili hivi wa kumfuatilia naona wasomaji wengine wanamsubiri, ikija habari ya bandari mtu anauliza yule mtu wa ushuru leo yuko wapi, akikosea hesabu anasahihishwa na siku inayofuata anarudi anakubali kwamba alikosea. Jamani, huyo ni mtu. Ana historia, ana heshima aliyoijenga, na ana kitu cha kupoteza akiongea uongo. Jina la kwenye kitambulisho lingeniongezea nini hapo?

Na wala hili halikuanza na kompyuta. Mhadhiri mmoja wa fasihi ndo aliniambia kabla hujakimbilia kusoma Wamarekani nenda maktaba kafungue magazeti ya zamani, ukurasa wa mashairi. Nikaenda. Tangu gazeti la Mambo Leo lianze kutoka 1923 washairi wamekuwa wakituma tungo zao magazetini, na wengi walikuwa wanatumia lakabu, yani majina ya kujipa. Ustadh Andanenga alijulikana kama Sauti ya Kiza, Akilimali alikuwa Snow-White. Mmoja anauliza swali kwa shairi, wa mkoa mwingine anamjibu kwa mizani ile ile, wa tatu anaingilia kuamua ugomvi, na wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Lakabu ya mshairi ilikuwa na sifa yake, mashabiki wake na maadui wake, na ukiitumia kutunga ovyo basi unaichafua na watu wanakwambia. Nlivyokuwa nasoma zile kurasa nlikuwa naona kabisa kule kwenye komenti, mpaka ule ustaarabu wa kuomba radhi mhariri kwa kuchukua nafasi ni ule ule wa kumuomba Ankal asibanie. Kwa hiyo mtu akiniambia kujificha kwenye majina ni ugonjwa uliokuja na mtandao mimi namuelekeza maktaba.

Sasa nadharia. Supavaiza wangu alinipa Goffman, yule mwanasosholojia aliyesema maisha ya kila siku ni kama maigizo, kuna jukwaani unapojionyesha na kuna nyuma ya pazia unapopumzika. Aliandika hayo miaka ya 1950 huko, kabla ya mambo haya yote, na watafiti wa mitandao wanampenda sana. Na mimi nampenda. Tatizo ni namna anavyotumika, maana wengi wanachukulia moja kwa moja kwamba mtandaoni ndo jukwaani, kwenye kujipamba na kuigiza, na nyumbani ndo nyuma ya pazia aliko mtu halisi. Kwa watu niliowahoji mambo yalikuwa kinyume.

Kuna dada mmoja, sasa hivi ni mtu mzima ana shughuli zake, miaka hiyo alikuwa anaandika kwa lakabu kuhusu kutafuta mtoto kwenye ndoa bila mafanikio. Aliandika kwa Kiswahili kilichonyooka, vipimo, maneno ya mawifi, kwenda hospitali peke yake kwa sababu mume alikataa kupimwa, kukaa kwenye sherehe ya arobaini ya mtoto wa mwenzio huku watu wanakuangalia. Nlimtafuta kwa muda mrefu kupitia mtu anayemjua mtu, akakubali tukutane kwa masharti yake, simu yangu iwe mezani imezimwa na nisirekodi. Nlimuuliza kwa nini hakutumia jina lake. Akaniambia, "Mdogo wangu, kule ndo nlikuwa naongea. Nyumbani nlikuwa naitika."

Hiyo sentensi nimeiweka mwanzo wa chapta ya nne na sitaitoa hata wakinambia nini. Alinieleza kwamba nyumbani kwa wakwe alikuwa anaitwa kwa jina la mume, mke wa fulani, na kwa kuwa hana mtoto hata lile jina la mama fulani ambalo wenzake wote walikuwa nalo yeye hakulipata. Kwa hiyo lakabu aliyojipa kwenye blogu ndo lilikuwa jina la kwanza ukubwani alilojichagulia mwenyewe. Wanawake walimwandikia kutoka Mwanza, Mombasa, Muscat, wengine wakamuelekeza daktari, wengine wakamuombea dua, akikaa kimya wiki nzima wanaanza kuulizia hali yake. Sasa kwenye maisha ya huyu dada, jukwaani ni wapi na nyuma ya pazia ni wapi? Mimi naona yule wa kwenye blogu ndo alikuwa mkweli zaidi kati ya wawili, na mume na mawifi ambao walikuwa wanajua jina lake kamili, ukoo wake na kijiji chake, ndo ambao hawakuwa wanamjua.

Lakini ntakuwa siwatendei haki walioniuliza lile swali nikijifanya uongo haupo. Upo, na mfano ambao kila anayesoma haya mambo anakutana nao ni wa 2011, wakati wa vuguvugu la Syria, kulikuwa na blogu ya binti aliyejiita Amina Arraf anaandika kutoka Damascus, magazeti makubwa ya Ulaya yakamnukuu, siku moja ikatangazwa kwamba ametekwa, watu dunia nzima wakaanza kampeni aachiwe, alafu ikaja kubainika ni Mmarekani, mwanaume, Tom MacMaster, mwanafunzi huko Edinburgh, Uskochi, na picha alizokuwa anaweka ni za mwanamke mwingine kabisa ambaye hakuwa na habari. Huu mfano nimehangaika nao sana maana ndo unatumika kuwapiga wote wenye lakabu. Ila ukiuangalia vizuri unaona tofauti. Dada yangu yule alificha jina na kusema maisha yake. Huyu bwana alibuni maisha ya watu ambao wako hatarini kweli, akayasemea, na waliokuja kulipia ni wanaharakati wa Syria wenyewe ambao baada ya hapo wakitoa taarifa wanaulizwa kwanza na nyie ni wa kweli au. Kuficha jina ni jambo moja, kubuni maisha ni jambo lingine, na mtu anaweza kufanya la pili akiwa na jina lake kamili na picha ya pasipoti.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho kwenye data yangu kinaonekana waziwazi kuliko vyote, yani hata bila kuhesabu, ukishuka tu na tarehe unaona posti zinapungua, wengine wanaaga, wengine wanaishia tu katikati. Sehemu kubwa watu walihamia Facebook, Instagram na WhatsApp, hilo halina ubishi, na Facebook yenyewe ikataka kila mtu atumie jina analojulikana nalo kwenye maisha yake ya kila siku. Ila kuna na sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuja 2015. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, lile jukwaa la mijadala mtandaoni, alikamatwa kwa sababu polisi walitaka taarifa za watumiaji na hawakuzipata, akahudhuria mahakamani miaka na miaka, na Aprili 2020 katika mojawapo ya kesi hizo akatiwa hatiani, faini ya shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa kuwa na leseni, ukijumlisha ada ya maombi, ya leseni na ya mwaka ilikuwa inafika shilingi milioni 2 na laki 1, zaidi ya dola 900 kwa wakati ule, na ukikiuka ni faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi kumi na miwili, au vyote viwili. Juni mwaka huo JamiiForums wenyewe walifunga kwa muda. Kanuni zimerekebishwa baadae, ila wengi walioondoka hawakurudi.

Kila anayeandika kuhusu kanuni za 2018 anaongelea hela, na kweli hela ilikuwa kubwa, mtu anayeandika mapishi au mashairi anaitoa wapi. Ila niliowahoji wakiongea wenyewe wanakaa zaidi kwenye fomu. Leseni lazima iwe na jina la mtu. Kanuni zile zile zilitaka mtoa huduma awe na namna ya kujua maudhui yametoka kwa nani, na intaneti kafe ziweke kamera. Kwa dada yule hata leseni ingekuwa bure asingeiomba, alifunga blogu usiku mmoja, akafuta posti zote mwenyewe moja moja, na kila anayefuta anaisoma kwanza. Alafu Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama ya kidole zikaanza kuzimwa, kwa hiyo hata ukijiita jina gani huko mtandaoni, bando lako lina kidole chako. Naelewa hoja kwamba usajili ni wa kuzuia matapeli, na mimi nimeshawahi kupokea zile meseji za ile hela tuma kwenye namba hii. Lakini kuna watu walipoteza sehemu pekee waliyokuwa wanaongelea na hakuna aliyewahesabu, maana ukishakuwa huna jina hata ukipotea hakuna pa kuripoti.

Na hapa ndo inakuja ile sababu ya kubadilisha mambo ya mtu wa ushuru. Kwenye mafunzo ya maadili ya utafiti tulifundishwa kwamba kilichochapishwa hadharani ni cha hadharani, kinukuu, weka tarehe, songa mbele. Watafiti wa intaneti wenyewe wana chama chao na mwongozo wao wa kwanza walitoa 2002, na mule wanasema jambo ambalo nlilielewa vizuri nlipojaribu, kwamba mtu anaweza kuwa ameandika mahali pa wazi akiwa anategemea kusomwa na watu wake tu. Fanya jaribio.  Chukua sentensi ya Kiswahili yenye maneno kumi kutoka kwenye blogu, iweke kwenye alama za kunukuu, tafuta Google. Mara nyingi inakuja moja. Yenyewe. Sentensi ya mtu mara nyingi ina anwani yake, kwa hiyo nikimnukuu mtu neno kwa neno kwenye tasnifu itakayowekwa kwenye tovuti ya chuo nimemshika mkono nimempeleka msomaji mpaka mlangoni kwake. Kubadilisha jina hakusaidii kitu hapo.

Kwa hiyo nimeamua nukuu za watu wa kawaida naziandika upya kwa maneno yangu, nachanganya mikoa, nabadili mada ndogo ndogo, na wale waliokuwa watu wa hadharani kama Michuzi na Ndesanjo ndo nawataja. Ile sentensi ya dada haimo kwenye blogu, aliniambia mdomoni na akaruhusu niitumie. Kwenye kikao mjumbe mmoja alisema hii inaharibu uthabiti wa data, kwamba mtafiti mwingine atashindwa kuhakiki. Ni hoja ya haki kabisa na sina jibu la kumfurahisha. Nilimwambia data ghafi ntaitunza imefungwa, watahini wakitaka kuhakiki wataiona chini ya masharti, na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambayo imeanza kutumika Mei 2023 na yenyewe inanibana kwenye taarifa za watu nnazozikusanya. Tukaishia hapo, wakanipitisha na masahihisho.

Kilichobaki sasa hivi ni mbio na muda. Viungo vingi nnavyofungua vimekufa, domeni hazijalipiwa, picha zilihifadhiwa kwenye tovuti ambazo hazipo tena, unakuta posti imebaki maandishi na miraba mitupu. Wayback Machine ya Internet Archive, ile hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, imeniokoa sana ila nayo iliokota blogu kubwa zaidi, hizi ndogo unakuta ukurasa wa mbele tu na komenti hazikushikwa. Kwa hiyo kama uliwahi kuwa na blogu enzi hizo, hata kama ni ya posti kumi, jaribu kukumbuka ile imeili uliyofungulia na uingie, maana tangu Desemba 2023 Google wameanza kufuta akaunti zilizokaa miaka miwili bila kutumika. Ukishaingia nenda Google Takeout, chagua Blogger, utashusha faili lenye posti na komenti zako zote, liweke kwenye flashi au popote. Si lazima unipe mimi. Ukitaka kunipa niandikie, na kama hutaki nijue wewe ni nani tumia lakabu yako ile ile ya zamani, ntakuitikia kwa jina hilo.